Mifano Mitano Si Ushahidi: Siri ya 4,294,967,297

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliziangalia namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, akaona zote ni namba tasa: hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kila moja ni 2 kwa kipeo fulani, ukajumlisha 1, na vipeo vyenyewe ni 1, 2, 4, 8 na 16. Akaamini kwamba ukiendelea kuongeza kipeo maradufu utapata namba tasa daima, ingawa alikiri hana uthibitisho. Inayofuata ina kipeo cha 32, nayo ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Imani ikaanguka hapo hapo.

Pengine utasema Fermat alikosa subira tu, maana 641 ni namba tasa ya 116, na kugawanya mara 116 ni kazi ya siku chache. Ni kweli, lakini subira haielezi kwa nini 641 imo humo. Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa sharti hilo, zinazobaki kujaribiwa hadi 641 ni tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Halafu itazame 641 kwa karibu. Ni 5 mara 128, ongeza 1. Tena ni 625 ongeza 16, yaani 5 kwa kipeo cha 4 na 2 kwa kipeo cha 4. Kwa hiyo, tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, 5 mara 2 kwa kipeo cha 7 ni sawa na hasi 1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 ni sawa na 1. Lakini 625 ni sawa na hasi 16, basi 2 kwa kipeo cha 32 ni sawa na hasi 1. Jumlisha 1, baki linakuwa sifuri. Huu ndio uzuri wa hesabu: mistari michache, bila kugawanya namba yenyewe hata mara moja.

Wapo watakaosema kompyuta zimemaliza haja ya hoja kama hizi. Hazijamaliza. Namba ya aina hii yenye kipeo cha 1,048,576 ina tarakimu zaidi ya 315,000. Imethibitishwa kuwa si tasa, ila hakuna anayejua kigawo chake hata kimoja. Kuanzia ile ya Euler, namba 28 mfululizo za aina hii zimethibitishwa kuwa si tasa, na wengi wanahisi tasa zimekwisha. Huenda. Ila mifano mitano ilimpotosha Fermat, na 28 nazo hazijathibitisha chochote kuhusu zinazofuata. Ya 29 ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, na bado haijulikani kama ni tasa.