Ukilala pori la Ugalla, viatu usiviache nje

Tabora. UKITOKA Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ni kilomita chache tu kufika Kwihara, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Kwa anayependa mchezo wa kutembea na kupiga kambi, hapo ndipo pa kuanzia. Ni njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, na upande wa kusini magharibi lipo pori la miombo la Ugalla, lililopandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019.

Miguu wengi wanayo. Kinachowashinda ni usiku.

Marekani hofu yao ni dubu. Katika hifadhi ya Yosemite ni kosa kuacha chakula ndani ya gari usiku. Kinafungiwa kwenye kasha la chuma, maana dubu ameshajua gari lina biskuti na mlango haumshindi. Afrika haina dubu wa porini, lakini asikudanganye mtu ukalala na mkate chini ya mto.

Huku mwenye kazi hiyo ni fisi. Fisi hachagui. Ukiacha sufuria lenye ukoko nje, asubuhi utalitafuta, na ukilipata lina matundu ya meno. Viatu vya ngozi, mkanda, hata chupa ya maji ya plastiki, kwake vyote ni mboga. Na kumbuka uko kwa miguu: fisi akiondoka na buti moja, safari imekwisha, kwani kutoka hapo hadi barabarani ni mwendo wa siku nzima na miiba yake.

Kwa hiyo viatu vinalala ndani ya hema, chakula kinalala nje, mbali. Wengi hufanya kinyume. Pika na kula hatua mia moja hivi kutoka unapolala, upande ambao upepo hauleti harufu hemani. Osha vyombo hapohapo, usingoje asubuhi. Chakula kitie kwenye ndoo ngumu yenye mfuniko wa kubana, halafu ndoo ining'inizwe kwa kamba kwenye tawi, mbali na shina, juu kuliko mtu mrefu anavyoweza kufika. Mwenye gari afungie garini, vioo juu.

Mti hauzuii kila mnyama. Nyani anapanda, ila yeye ni mwizi wa mchana, usiku analala. Tembo ni habari nyingine. Harufu ya machungwa inamfuata moyoni, na kule Mana Pools, Zimbabwe, wageni wamekatazwa kabisa kuingia nayo. Machungwa ya Muheza kuleni mjini.

Kuna na wadogo. Mchwa hula begi lililolazwa chini usiku mmoja tu, ndiyo maana mizigo huwekwa juu ya magogo. Siafu wakiingia, we acha tu.

Ndani ya hifadhi, kambi hupigwa penye ruhusa, na ni vizuri kuwa na askari. Sababu siyo usalama wako peke yako. Fisi aliyepata ugali kambini kwako hasahau. Wewe kesho uko mjini unakunywa chai. Atakayempokea siku nyingine ni mrina asali aliyelala kwenye kibanda cha majani, hana gari wala hema. Na mnyama aliyezoea hivyo, mwisho wake mara nyingi ni risasi.

Wapagazi walilijua hilo. Kila mmoja alibeba kilo 30 hivi za vitambaa, shanga au nyaya, na jioni kambi ilizungushiwa boma la miiba kabla ya mtu kunyoosha mgongo.

Lakini mzigo uliotunzwa kuliko yote katika njia hii ni ule wa Chuma na Susi. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia, wenzake waliamua kumrudisha kwao. Walijenga uzio mrefu wa miti, wazi juu, wanyama wasipite, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua wiki mbili. Kisha wakachuna gome la mti likiwa zima, kama la mzinga wa nyuki wa Kinyamwezi, wakaulaza humo na kulishonea turubai.

Oktoba walifika Tabora. Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwapo, aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa. Mbele kidogo wanakijiji hawakutaka maiti ipite, basi wakafunga fito wakajifanya wameirudisha, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane mtumba wa kitambaa.

Februari 1874 ulifika Bagamoyo. Mjini London daktari aliutambua kwa mfupa wa mkono, pale alipowahi kung'atwa na simba.