Je, wajua? Tone la damu hutaja homa ya nguruwe

Jana nguruwe alikula vizuri. Leo kajilaza kwenye kona ya banda, mwili unachemka, masikio yamekuwa mekundu na pumba hazigusi. Je, wajua kwamba hata daktari wa mifugo mzoefu hawezi kutaja ugonjwa huu kwa kuutazama tu? Homa ya nguruwe ya Afrika na homa ya nguruwe ya klasiki hufanana mno kwa dalili, ingawa virusi vyake havina undugu wowote.

Siri imo katika vinasaba. Kirusi cha homa ya Afrika kina DNA. Cha klasiki kina RNA, ambayo maabara huigeuza kwanza kuwa DNA ndipo ipimwe. Kipimo ni PCR. Vinasaba vilivyotolewa katika damu huwekwa kwenye kichupa pamoja na vipande vifupi vya DNA vinavyonasa kirusi kinachotafutwa tu. Mashine hupasha joto hadi nyuzi 95, nyuzi mbili za DNA zikaachana. Ikipoa, vile vipande hunasa na kila uzi hunakiliwa. Nakala moja huwa mbili, mbili huwa nne. Mzunguko wa 30 ukiisha, nakala moja imezaa zaidi ya bilioni moja! Kisichoonekana kikaonekana, kwa saa chache.

Vinasaba hutaja hata kirusi kilikotoka. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika andiko la Montgomery la mwaka 1921. Makazi yake ya asili ni ngiri, ambao hawaugui, na papasi wanaowanyonya damu mashimoni. Wataalamu husoma jeni ya protini iitwayo p72 na kukipanga kirusi katika aina zaidi ya 20. Mwaka 2007 ugonjwa ulipozuka Georgia, jeni hiyo ilionyesha aina ya II, ile ya kusini-mashariki mwa Afrika. Kufikia 2018 aina hiyo ilikuwa imeingia China.

Homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi binadamu, lakini haina tiba, na kirusi huishi ndani ya nyama kwa muda mrefu. Kwa hiyo mfugaji, nguruwe akiugua ghafla, usimchinje wala usimuuze haraka ili kuokoa hasara. Funga banda, mwite daktari wa mifugo achukue damu. Tone hilo moja laweza kuokoa mabanda ya kijiji kizima.