Muuza nyama wa Burma na apu kubwa

Kama umeanza juzi kuuza nyama Soko la Burma kwa oda za simu, usishindane na apu kubwa kwa kuwapelekea wateja bure. Wao wanaweza kula hasara miaka. Wewe hata wiki huwezi. Na hata wao huchoka: Jumia Food ilifungwa Kenya mwishoni mwa 2023.

Sisi tunaona nguvu yako ni ujirani. Wewe unajua mama fulani wa Kaloleni hutaka mbavu zisizo na mafuta kila Jumamosi. Asubuhi weka WhatsApp picha ya nyama ya leo, bei ya kilo (hiyo ya "njoo inboksi" hufukuza watu!) na namba ya till yenye jina la bucha. Pesa ikiingia kwa simu yako, si kwa picha ya meseji aliyokutumia mteja, ndipo boda atoke.