Umevuka Kizingiti Mara Ngapi Wiki Hii?

Leo nina swali moja dogo, na naomba usiruke mstari mpaka umelijibu: tangu Jumatatu mpaka sasa, umevuka kizingiti cha mlango kwenda nje mara ngapi?

Najua wengi mtacheka. Kijana wa Kaisho anahesabuje kutoka nje? Asubuhi kuna ndoo ya maji, halafu njia ya shule, mchana mpira, jioni kuna kuni, kuna migomba, kuna kutumwa dukani. Sawa kabisa. Lakini wapo vijana, tena hapa hapa wilayani Kyerwa, ambao wakihesabu wiki nzima hawamalizi vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao ni rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Amepanga chumba hapa Kaisho, na kazi yake ni kutafsiri. Amenipa ruhusa nikusimulie habari zake, ila jina lake tuliache.

KAZI ISIYO NA MLANGO WA OFISI

Mfasiri ni mtu anayehamisha maandishi kutoka lugha moja kwenda nyingine. Yule anayehamisha maneno ya mdomo, papo kwa papo, anaitwa mkalimani. Kazi hii si ngeni kwetu. Mwalimu Nyerere, akiwa madarakani, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Juliasi Kaizari iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi iliyotoka mwaka 1969.

Siku hizi kazi imeongezeka. Mwaka 2019 nchi za SADC zilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi, mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi, na UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Makampuni na mashirika mengi yanataka maandishi ya Kiswahili. Na kwa kuwa kazi inakuja kwa intaneti, mfasiri halazimiki kukaa Dar es Salaam. Kompyuta ndogo, bando na umeme vinatosha. Rafiki yangu hana bosi wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Analipwa kwa idadi ya maneno aliyotafsiri.

Raha, siyo? Huamki alfajiri kukimbilia gari, hunyeshewi mvua, humwogopi mkuu wa idara. Hata mimi nilimwonea wivu, mpaka siku nilipomwambia ahesabu.

MISTARI MITATU

Nilimwomba achukue daftari, na kila akitoka nje ya uzio aandike mstari mmoja. Choo cha uani hakihesabiwi. Baada ya siku saba nikarudi. Daftari lilikuwa na mistari mitatu. Miwili ilikuwa ya duka linalotazamana na nyumba yake, kununua vocha na mkate. Wa tatu alikwenda kwa fundi kutengeneza chaja.

"Mbona niko fiti tu," akaniambia. Lakini nilipozidi kumuuliza, akafunguka. Kiuno kilikuwa kinamuuma. Usingizi ulikuwa haumjii mpaka saa tisa usiku. Macho yalikuwa yanawasha kama yametiwa mchanga.

Hata hivyo, kilichomuumiza zaidi hakikuwa kiuno. Wiki ile ile, nyumba ya tatu kutoka kwake, mzee mmoja alifariki. Watu walikesha pale, wakapika, wakazika. Yeye alikuwa ndani amevaa hedifoni, ana kazi ya haraka, hakusikia kitu. Aliambiwa na muuza duka siku ya tano, msiba umeshakwisha. Wewe ni mtu wa huku, unajua maana yake. Jirani asiyeonekana msibani si jirani. Tayari watu walishaanza kusema: "Yule kijana wa kompyuta anajidai."

"Nilikuwa hapa hapa," aliniambia huku akiangalia chini. "Yaani mita hamsini tu. Sikujua."

KWA NINI HATOKI?

Usiseme ni uvivu. Mtu huyu anafanya kazi saa kumi kwa siku. Sababu zenyewe ni hizi.

Kwanza, kazi zake nyingi zinatangazwa kwa wafasiri wengi kwa mpigo mmoja, na anayejibu wa kwanza ndiye anayezipata. Akienda gulio kwa saa mbili, anaogopa kurudi na kukuta mwenzake amekula. Pili, baadhi ya wateja wako Marekani, na mchana wa kwao ni usiku wetu. Basi anakesha, halafu analala jua likiwa juu. Tatu, hana kitu cha kumtoa. Mwanafunzi ana kengele, mkulima ana shamba, bodaboda ana abiria. Yeye asipotoka leo, hakuna atakayemuuliza.

Na nne, hii ndiyo ya kuangalia sana: ukikaa ndani siku nyingi, kutoka kwenyewe kunakuwa kazi. Unaona aibu. Unajiuliza watu watasema nini, watakuuliza ulikuwa wapi. Basi unaahirisha mpaka kesho, na kesho inakuwa ngumu kuliko leo.

Kwa akina dada mambo yanaweza kuwa kinyume. Dada akifanya kazi ya kompyuta nyumbani, watu huona hana kazi. "Si uko tu nyumbani?" Anapewa mtoto wa kushika, anapewa sufuria, anatumwa kisimani, kisha kazi yake anaifanya usiku wenzake wamelala. Huyo hakosi kutoka. Anakosa muda wake mwenyewe, na familia inapaswa kuliona hilo.

MWILI UNASEMAJE?

Kuvuka kizingiti peke yake hakuponyi kitu. Faida iko katika mambo manne unayokutana nayo ukishavuka.

1. Miguu inafanya kazi. Mwaka 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kitini kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi kutwa. Basi ni lile lile na mji ni ule ule, lakini madereva waliugua moyo zaidi ya makondakta. Sababu inaeleweka: misuli ya miguu ikifanya kazi inachoma sukari iliyomo kwenye damu, na inasaidia kuisukuma damu kurudi juu kwenye moyo. Ukikaa, misuli hiyo inalala.

Je, kupumzika ni kosa? Hapana. Watafiti waliowapima Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi walieleza mwaka 2020 kwamba hata wao hupumzika karibu saa kumi kwa siku. Tofauti ni kwamba mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti, kwa hiyo misuli haiachi kazi kabisa, na wakiinuka wanatembea kweli kweli.

2. Mwanga unauambia mwili saa ngapi. Ndani ya ubongo kuna saa inayopanga usingizi, na inarekebishwa na mwanga wa mchana, hasa wa asubuhi. Hata siku ya mawingu, nje kuna mwanga mara kumi au zaidi ya uliomo chumbani. Anayekosa mwanga wa asubuhi na kukodolea kioo usiku anaichanganya saa hiyo. Ndiyo maana rafiki yangu alikuwa halali. Jua pia huisaidia ngozi kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa, na kioo cha dirisha huzuia miale inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo kukaa karibu na dirisha hakutoshi. Kwa wenzetu wenye ualbino, jua kali ni hatari: tokeni asubuhi mapema au jioni, na msisahau kofia pana na mikono mirefu.

3. Macho yanatazama mbali. Huko Guangzhou, China, watafiti walichukua shule 12 za msingi. Katika nusu ya shule hizo, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, kati ya kila watoto 100 wa shule hizo, wapatao 30 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika shule nyingine walikuwa karibu 40. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2015. Na tukikodolea kioo, sote tunasahau kupepesa, macho yanakauka na kuwasha.

4. Watu. Mwaka 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti ikisema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na kwamba vijana wamo sana katika kundi hilo. Upweke unahusishwa na ugonjwa wa moyo, kiharusi na sonona. Kuchati ni kuzuri, lakini hakukuambii kwamba jirani yako amefiwa.

BASI, MARA NGAPI?

Hakuna sheria inayosema utoke mara saba au mara kumi na nne. Lakini kipimo cha kuushughulisha mwili kipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima anahitaji walau dakika 150 kwa wiki za shughuli kama kutembea haraka. Piga hesabu: nusu saa kwa siku, siku tano. Wewe wa miaka 17 kushuka chini unahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa hiyo anayefanyia kazi nyumbani ajiwekee hivi: kila siku, mchana, walau mara moja, na isiwe hatua kumi za dukani.

Rafiki yangu amejipangia mambo matatu. Asubuhi hafungui kompyuta mpaka ametembea nusu saa. Simu anaibeba mfukoni, kazi ikitangazwa anajibu akiwa njiani. Na siku ya gulio lazima aende, hata kama hana cha kununua.

Lakini hatua ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko zote: alikwenda kumpa pole mjane, akiwa amechelewa. Aliomba radhi. Yule bibi hakumgombeza. Alimwambia tu, "Kaa, mwanangu," akampa ndizi. Wazee waliokuwapo walikuwa wanazungumzia migomba, na mmoja akalalamika kuhusu unyanjano. Rafiki yangu akashtuka. Usiku uliopita alikuwa akitafsiri kipeperushi cha ugonjwa huo huo wa mnyauko, ambao umeitesa migomba ya Kagera tangu miaka ya 2000, na alikuwa amebuni jina refu ambalo hakuna mkulima ambaye angelielewa. Aliporudi nyumbani akalifuta.

Wala si jambo jipya. Mwalimu Nyerere alipong'atuka mwaka 1985 alirudi Butiama akashika jembe, na kutafsiri hakuacha. Sehemu za Biblia alizigeuza kuwa tenzi.

NA WEWE JE?

Huenda unaota kazi ya kompyuta nyumbani. Ni ndoto nzuri, usiiache. Au huenda uko kidato cha nne, unajifungia na vitabu kuanzia asubuhi Jumamosi mpaka Jumapili usiku. Jipime:

- Je, kuna siku nzima wiki hii ambayo jua halikukugusa?
- Je, umekaa zaidi ya saa moja bila kusimama leo?
- Je, ukitazama ubao, maandishi yana ukungu?
- Je, unamjua jirani yako anayeumwa?

Kila nusu saa hivi, inua macho utazame mlima ulio mbali. Kila saa, simama unyooshe miguu. Kama unakwenda shule kwa miguu, usione mateso tupu: miguu hiyo inaulinda moyo wako. Dada, kama njia si salama, toka na mwenzako, na iwe mchana. Maandishi yakiwa na ukungu, mwambie mwalimu na mzazi ili macho yapimwe. Na kama una huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, hutaki kutoka wala kuona mtu, hilo si jambo la kujilaumu. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au nenda kituo cha afya kilicho karibu.

Wiki iliyopita nilipita tena kwa yule rafiki. Nilibisha hodi, kimya. Nikabisha tena, kimya. Muuza duka akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Hayupo! Ametoka!"

Sikumsubiri. Nilicheka, nikaendelea na safari yangu. Haya, funga gazeti hili, toka nje kidogo. Tuonane toleo lijalo.