Zanzibar Heroes: timu inayozuiwa na karatasi

RUSIZI – Mama anayevuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu na kapu la nyanya anajua kwamba mzigo wake uwe mzuri namna gani, mpakani huulizwa kwanza karatasi. Asiye nayo hurudi Kamembe na nyanya zake, hata kama wateja wanamngoja ng'ambo.

Afrika Mashariki ina timu ya mpira wa miguu inayoishi maisha hayo kwa miaka mingi. Ni Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya visiwa vya Unguja na Pemba.

Wapenzi wa soka wa Rusizi, waliozoea kuishangilia Espoir katika uwanja wa Kamarampaka, wana sababu ya kuikumbuka. Desemba 5, 2017, katika Kombe la Chalenji nchini Kenya, iliifunga Amavubi mabao 3-1. Siku mbili baadaye iliilaza Tanzania Bara 2-1, kisha katika nusu fainali ikawatoa mabingwa watetezi, Uganda, kwa matokeo hayo hayo.

Fainali ilipigwa Machakos, Desemba 17. Mara mbili wenyeji Kenya walitangulia, mara mbili Zanzibar ikasawazisha. Hadi dakika 120 ilikuwa 2-2, na Kenya ikatwaa kombe kwa penalti 3-2.

Mwaka huo huo Wazanzibari walikuwa wameonja furaha na uchungu mwingine. Machi 16, mkutano wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, uliofanyika Addis Ababa uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Julai 21, huko Rabat, CAF ikaufuta uanachama huo. Hoja ilikuwa kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Hoja hiyo ina uzito wake. Mlango ukifunguliwa kwa kisiwa kimoja, majimbo mengine yatabisha hodi kesho. Lakini mbona wengine walipita? Montserrat, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uingereza chenye watu wapatao 5,000, ni mwanachama wa FIFA na hucheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Anguilla pia. Martinique na Guadeloupe, zilizo chini ya Ufaransa, hazimo FIFA, lakini shirikisho la kanda yao, CONCACAF, limezipokea. Zanzibar, yenye watu zaidi ya milioni moja, haina hata kimoja kati ya viti hivyo.

Ajabu ni kwamba klabu za Zanzibar hushiriki mashindano ya CAF kwa nafasi zao wenyewe, mbali na zile za Bara. Ni kama mzigo umepitishwa, mwenye mzigo akabaki kizuizini.

Mchezaji wa Unguja au Pemba anayetaka kucheza AFCON hana budi kupata namba Taifa Stars. Wapo waliofaulu. Feisal Salum, aliyekuwa katika kikosi cha 2017, alipata jina kubwa huko. Kocha wa kikosi hicho, Hemed Suleiman 'Morocco', naye aliiongoza Taifa Stars katika fainali za AFCON zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024.

Mlango uliobaki wazi kwa Heroes ni CECAFA, baraza la soka la kanda hii, ambalo Rwanda na Burundi pia ni wanachama. Humo Zanzibar huhesabika sawa na mkubwa yeyote, na mwaka 1995 ilitwaa Chalenji kwa kuifunga Uganda 1-0 kwao Kampala. Tatizo ni kwamba Chalenji isipoandaliwa, kama ilivyokuwa 2016, wachezaji hukosa jukwaa lao kuu.

Ndiyo maana habari ya Heroes inamgusa pia anayebeba kapu. Jumuiya ya kanda hupimwa kwa namna inavyomtendea mdogo mlangoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kombe la Chalenji likichezwa kila mwaka bila kukosa, Zanzibar itakuwa na hakika ya angalau mpaka mmoja inaouvuka kwa jina lake.