Maua ya Sukari: Tuanze kwa Kulitazama Ua Lenyewe



Akina mama wengi wanaooka keki za harusi wametuuliza: mbona maua ya sukari yanatushinda? Je, tutoe pesa za kikundi tununue vifaa? Sisi tunasema, ngojeni kwanza. Kifaa cha kwanza hakinunuliwi. Ni macho.

Tulipojaribu mara ya kwanza, waridi letu lilitoka nene kama chapati. Kosa lilikuwa nini? Tulitengeneza ua la kichwani mwetu, si lile lililo nje ya nyumba. Basi chumeni waridi moja, mlifungue petali moja moja, mzipange mezani kwa utaratibu. Mtaona za ndani ni ndogo na zimejikunja, za nje ni kubwa na ncha zake zimegeuka nyuma. Ukingo ni mwembamba, shina la petali ni nene kidogo. Tena hakuna mbili zinazofanana kabisa. Hiyo ndiyo siri yote.

Sasa kazi yenyewe:

1. Donge. Kandeni gramu 250 za fondanti pamoja na kijiko kimoja cha chai cha poda ya CMC, ile inayofanya sukari ikauke na kushika umbo. Lifungeni vizuri ndani ya chombo kisichopitisha hewa, lilale usiku mmoja.

2. Moyo wa ua. Finyangeni kitu kama tone la maji, kiwe kifupi kuliko petali. Kunjeni ncha ya waya, ilowesheni kidogo, mwichomeke chini ya tone. Acheni likauke mpaka kesho.

3. Petali. Pakeni kibao mafuta magumu meupe kidogo tu. Sukumeni donge mpaka mkiliinua kwenye mwanga muone kivuli cha kidole. Kateni kwa kisu mkifuata kielelezo cha karatasi safi. Laleni ukingo kwa mgongo wa kijiko laini. Donge lililobaki lifunikwe, maana hukauka upesi.

4. Kupanga. Gundi ni maji kidogo tu. Petali ya kwanza izunguke na kuficha ncha ya moyo. Halafu petali tatu, kila moja ikiingia chini ya mwenzake. Mwisho petali tano, na ncha zake mzikunje nyuma kwa kijiti cha meno. Kati ya duara na duara pumzikeni kidogo ua lishike.

5. Rangi. Tumieni rangi ya chakula pekee. Chaki na rangi ya nguo, hapana! Ua likikauka, pakeni poda kwa brashi, iwe nzito karibu na moyo na nyepesi ukingoni, kama mlivyoona kwenye ua halisi.

Msimu wa mvua uwe na mpango wake. Sukari huvuta unyevu, na ua lililokuwa gumu jana laweza kulegea leo. Yatengenezeni siku nyingi kabla ya harusi, myaweke ndani ya boksi la karatasi mahali pakavu, mbali na jua. Friji msiiguse.

Na hili tunalisisitiza: waya usichomekwe moja kwa moja kwenye keki. Uingizeni kwanza ndani ya kipande cha mrija safi wa kunywea soda. Mwambieni mwenye sherehe aondoe maua kabla ya kukata keki, mtoto asije akatafuna waya.

Kuhusu pesa, kikundi kitengeneze waridi kumi kabla ya kupokea oda yoyote. Andikeni sukari iliyotumika na saa zilizopita. Wengi huhesabu sukari wakasahau saa, halafu wanashangaa faida imeenda wapi. Saa zenu pia ni mali ya kikundi. Yale kumi yakitoka vizuri, ndipo mfungue sanduku mnunue vifaa.

Haraka haraka haina baraka. Kesho asubuhi anzeni na waridi moja.