Mashine ya Kufulia Nguo, Nyumbani na Safarini

Amri ya uhamisho inapofika, nyumba ya askari hufungwa kwa siku mbili au tatu tu. Vitanda hufunguliwa, sufuria hutiwa ndani ya mapipa, kuku huuzwa au hupewa jirani, na mashine ya kufulia, kwa wale waliojaliwa kuwa nayo, hupandishwa juu ya lori na kuegemezwa magodoro. Kutoka Gulu hadi Mbarara ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Lori likifika, mashine huteremshwa ikiwa nzima, haina hata mkwaruzo, na mama wa nyumba humshukuru Mungu. Lakini siku ya kwanza ya kufua katika makao mapya, mashine huanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, hugonga ukuta, na fundi akiitwa kuifungua hukuta springi zimechomoka na shokomzoba zimepinda. Akiba ya miezi mingi imepotea, na hakuna mtu aliyeiangusha.

Mkasa wa namna hiyo huletwa na bolti tatu au nne ambazo hazikurudishwa mahali pake. Mashine yenye mlango wa mbele ina pipa ambalo halikukazwa kwenye bodi. Limening'inizwa kwa springi kutoka juu, likashikwa na shokomzoba kutoka chini, kisha likafungiwa uzito wa saruji au wa chuma ili lisitupwe huku na huku linapozunguka kwa kasi. Mashine ikiwa imesimama jikoni, mpango huo ni mzuri sana. Ikiwa juu ya lori, pipa hilo pamoja na uzito wake hupigapiga ubavu wa mashine kila gurudumu linapoingia shimoni. Ndiyo maana huko kiwandani pipa hukazwa kwa bolti ndefu upande wa nyuma. Bolti hizo hutolewa kabla ya mashine kuwashwa kwa mara ya kwanza, na hurudishwa kabla ya kila safari. Anayeiwasha bila ya kuzitoa huiharibu vilevile, maana pipa haliwezi tena kucheza, na mtikisiko wote huenda kwenye bodi.

Aghalabu bolti hizo hutupwa pamoja na boksi. Yafaa zitiwe ndani ya kifuko cha kitambaa, zifungwe nyuma ya mashine pamoja na spana yake na kile kitabu cha maelezo ambacho watoto hupenda kukikata picha. Aliyekwisha kuzipoteza na atafute kwa mafundi bolti za mashine ya aina ileile, kwa kuwa kila kiwanda kina kipimo chake. Zisipopatikana, fundi afungue mfuniko wa juu na kujaza vipande vya sponji baina ya pipa na bodi, na mashine isafirishwe wima, wala isilazwe. Kabla ya hayo yote maji yaliyobaki ndani yamwagwe mpaka tone la mwisho, ama sivyo yatafika kwenye nyaya njiani.

Mashine ya mapipa mawili, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi katika makao ya askari na polisi, haina makuu hayo. Pipa moja linafua, la pili linakamua, na mfuaji mwenyewe ndiye anayehamisha nguo kutoka hili kwenda lile. Wenye kupenda fahari huidharau, lakini hapana shaka kwamba mahali ambapo maji huletwa kwa madumu na umeme hukatika bila taarifa, hiyo ndiyo yenye akili. Hujazwa kwa ndoo, maji ya sabuni ya nguo nyeupe hutumika tena kwa nguo za rangi, na umeme ukikatika katikati ya kazi mtu anaweza kuendelea kwa mikono bila ya kufungiwa nguo zake nyuma ya mlango wa kioo.

Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwanza ni ile sahani iliyo chini ya pipa la kufulia, ambayo huzungusha maji. Chini yake hukusanyika mchanga, vifungo, sarafu, pini za beji na nyuzi, na vitu hivyo husaga mpira unaozuia maji yasishuke kwenye mota. Sahani hiyo hushikwa na skrubu moja katikati. Mara mbili au tatu kwa mwaka plagi ichomolewe, skrubu ifunguliwe, sahani ioshwe pamoja na sehemu ya chini, kisha irudishwe bila ya kukazwa kupita kiasi. Pili ni pipa la kukamulia. Nguo zikiwekwa upande mmoja, au blanketi moja likitiwa peke yake, pipa huyumba na kugonga. Nguo zienezwe sawasawa, zishindiliwe, na kile kifuniko chembamba cha plastiki kiwekwe juu yake. Hakikutengenezwa kwa urembo. Mfuniko wa nje ukifunguliwa, breki husimamisha pipa kwa muda mfupi. Siku ambayo pipa litaendelea kuzunguka baada ya mfuniko kufunguliwa, breki imekatika au imelegea, na mashine isitumike kukamulia mpaka itengenezwe, kwa sababu nguo inayozunguka kwa kasi hiyo ikijisokota kwenye mkono wa mtoto huweza kuuvunja. Tena saa ya mashine izungushwe kuelekea mbele tu. Kuirudisha nyuma kwa nguvu huvunja meno yake.

Mota ikisikika na sahani haizunguki, au inazunguka kwa uvivu, mara nyingi ni mkanda uliolegea, na hiyo ni kazi ndogo. Lakini mota ikivuma tu bila ya kugeuka, plagi ichomolewe papo hapo. Huenda kuna kitu kimekwama, au ile kapasita inayosaidia mota kuanza imekufa. Mota ikiachwa hivyo itaungua. Kapasita yenyewe huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo asiyeijua asiiguse.

Mashine inayojiendesha yenye mfuniko wa juu hutaka jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi dukani: msukumo wa maji. Mashine nyingi za namna hiyo hufanya kazi vizuri tangi likiwa juu yake kwa kiasi cha mita 5. Tangi lililowekwa juu ya stendi fupi nyuma ya nyumba hutoa maji kwa shida, mashine hukaa nusu saa ikijaza, na pengine husimama na kuonyesha alama ya kosa. Kabla ya kulaumu tangi, mpira wa kuingizia maji ufunguliwe upande wa mashine. Ndani yake kuna kichujio kidogo chenye ukubwa wa kifungo cha koti, na katika mji ambao maji huja na udongo baada ya mabomba kukatwa, kichujio hicho huziba kabisa. Kipigwe mswaki chini ya maji, kirudishwe, na kazi itaendelea. Fundi mwaminifu hatamlipisha mtu fedha nyingi kwa kazi hiyo, lakini si mafundi wote walio waaminifu.

Ile yenye mlango wa mbele hutumia maji machache kuliko zote na hufua vizuri kuliko zote, lakini ndiyo yenye deko. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi, na ndani ya pipa linalozunguka kwa ubavu povu hilo huzuia nguo zisipigane, hupanda mpaka kwenye sanduku la sabuni na kumwagika sakafuni. Itumike sabuni iliyotengenezwa kwa mashine hiyo, nayo kwa kipimo. Mpira mzito ulio mlangoni hushika maji, nywele na sabuni katika mkunjo wake wa chini. Usipofutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kufua, huota ukungu mweusi na kunuka, na harufu hiyo huhamia kwenye shuka. Baada ya kufua, mlango uachwe wazi kidogo ili hewa iingie. Lakini palipo na watoto wadogo, chumba chenyewe kifungwe, au plagi ichomolewe na mlango wa mashine uzuiwe usifunguke zaidi ya inchi moja, kwa kuwa mtoto anayecheza kujificha huliona pipa hilo kuwa nyumba.

Chini mbele, nyuma ya kijidirisha, kuna chujio la pampu. Hilo lifunguliwe kila mwezi, juu ya sinia, maji yakiwa yamekwisha kupoa. Katika nyumba ya askari chujio hilo husimulia habari zote: kifungo cha shaba, risiti iliyogeuka uji, sarafu, pengine hata funguo iliyotafutwa wiki nzima. Gwanda lenye tope likung'utwe na kupigwa brashi kavu kabla ya kutiwa majini, mifuko igeuzwe nje, na beji zote zitolewe.

Nguo moja isiingie kabisa katika mashine yoyote: ovaroli iliyolowa petroli. Mvuke wa petroli hujaa ndani ya pipa, na cheche moja ya swichi au ya mota yatosha kuulipua. Nguo hiyo ianikwe nje, mbali na moto, mpaka harufu iishe, kisha ifuliwe kwa mikono katika beseni.

Maji nayo hayafanani. Maji ya Ziwa Victoria, yanayotumiwa Kampala, Entebbe na Jinja, ni laini, na hita ya mashine hudumu miaka bila ya kushika ukoko. Visima vingi vilivyochimbwa bara hutoa maji yenye chokaa, na vingine maji yenye chuma, ambayo huacha madoa ya kutu kwenye shati jeupe. Ukoko wa chokaa hutolewa kwa asidi ya ndimu ya unga, kiasi cha gramu 100, ikitiwa ndani ya pipa tupu na mashine kuendeshwa kwa maji ya moto. Dawa hiyo, wala siki, isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maana hutoa hewa ya klorini inayounguza mapafu.

Umeme wataka neno lake peke yake. Mama wa nyumba hugusa bodi ya mashine kwa mkono uliolowa, akahisi kitu kinamtekenya vidoleni, akaona ni jambo dogo, akaendelea kufua. Mtekenyo huo ni umeme uliotoroka, nao haukupata njia ya kwenda ardhini. Waya wa ardhi umekatika, au haukufungwa tangu mwanzo, au plagi yenye meno matatu imelazimishwa kuingia katika soketi ambayo tundu lake la tatu halikuunganishwa na kitu. Leo ni mtekenyo. Kesho, akiwa peku juu ya sakafu iliyolowa, ni kifo. Mashine hiyo izimwe, ichomolewe na isiguswe mpaka fundi wa umeme apime waya wa ardhi. Mashine yenye hita hula wati 2,000 hivi, basi isipachikwe kwenye waya mwembamba uliovutwa kutoka kwa jirani. Na umeme ukikatika, swichi izimwe. Ukirudi, isubiriwe dakika chache mpaka taa zitulie, kwani umeme hafifu wa mwanzo ndio unaochoma mota.

Zipo nyumba ambazo mashine hulala muda mrefu. Tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wametumikia Somalia, na mara nyingi mke na watoto hurudi kijijini mpaka baba arejee. Mashine isiachwe na maji ndani. Ifutwe, mipira ya maji ifunguliwe na kumiminwa, mlango uachwe wazi kidogo na uzuiwe kama ilivyoelezwa, na tundu la chini lizibwe kwa wavu wa chuma, kwa kuwa panya hupenda kutafuna nyaya zake. Siku ya kuiamsha, nguo zingoje. Kwanza nyaya zikaguliwe kama zimetafunwa, mipira ikunjwe kwa mkono kuona kama imepasuka, kisha mashine iendeshwe tupu kwa maji baridi, na mtu akae karibu akitazama sakafu kama kuna maji yanayotoka chini yake.